Kimo cha Babu Kwenye Karatasi ya Keya

SWALI: Shikamoo Mama. Mwezi wa nne tulimzika nyanya yetu kule Kitui. Tulipofungua sanduku lake la mabati tukakuta karatasi ya babu ya kuandikishwa jeshi la Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), ya mwaka 1941. Imeandikwa: umri miaka 22 hivi, kabila Mkamba, kimo futi 5 inchi 4 na nusu, kifua inchi 33. Babu alipigana Burma akarudi salama. Ndugu yake mdogo, aliyezaliwa kama miaka tisa baada yake, aliingia polisi mwaka 1950, na karatasi yake inasema futi 5 inchi 7. Pale matangani binamu yangu anayesoma chuo kikuu alisema wanahistoria hutumia vimo kama hivyo kujua wakoloni walivyogawa neema na njaa. Mjomba akakataa, akasema urefu ni damu, hauna siasa. Nani ana haki? Na hizo inchi mbili na nusu kati ya babu na ndugu yake zinatuambia nini?
Mjukuu wa Keya, Machakos

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kumpoteza nyanya. Umegusa jambo lililonitoa wodini likanirudisha darasani nikiwa na miaka hamsini na mitano.

Kabla ya kusomea historia nilikuwa muuguzi Ukambani kwa miaka 31, na kila Jumanne kazi yangu ilikuwa kupima watoto. Mtoto mdogo hapimwi urefu akiwa amesimama. Analazwa juu ya ubao, mama anamshika kichwa kiguse mwisho wa juu, mimi nabana magoti yanyooke, kisha nasukuma kibao hadi kigote kwenye nyayo. Mtoto analia, mama anambembeleza, karani anaandika. Mwaka 1984, mwaka wa njaa ambayo Wakamba waliipa jina Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika, kwa kuwa watu walikuwa na pesa mkononi na unga haupatikani, nilimpima mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu akatoka sentimita 76. Nikarudia nikidhani amekunja goti. Sentimita 76. Kwa umri ule angetarajiwa kukaribia 88. Mvua iliporudi na maziwa yakapatikana, uzito wake ulipanda wiki kwa wiki mpaka mama yake akawa anatabasamu akiniona kwa mbali. Urefu haukufuata kwa kasi ile. Nilimkuta tena akiwa darasa la nne, na kwenye mstari wa asubuhi alisimama wa mbele kabisa pamoja na watoto wa darasa la pili.

Uzito ni habari ya mwezi huu. Urefu ni habari ya miaka. Chakula kikiingia mwilini hutumika kwanza kumweka mtu hai, kisha kupigana na homa, kuhara na minyoo, kisha kufanya kazi aliyopewa, iwe kuchunga au kuteka maji. Kinachosalia ndicho kinachojenga mifupa. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo ndiyo yenye uzito mkubwa, halafu balehe hufungua mlango mara ya pili. Mtu akishafika miaka ishirini na kidogo mlango umefungwa, na kile kimo anabaki nacho mpaka uzee uanze kumpinda mgongo.

Sasa mjomba na binamu. Ukiniuliza kwa nini Mutua ni mrefu kuliko Musyoka, na wote wamelelewa vizuri, jibu la mjomba linatosha: ni damu. Lakini chukua vijana elfu moja waliozaliwa Kitui mwaka 1900 na elfu moja waliozaliwa Kitui hiyo hiyo mwaka 1930. Ndani ya kila kundi warefu wa ukoo na wafupi wa ukoo wamechanganyika. Damu ya Kitui haibadiliki kwa miaka thelathini. Kama wastani wa vimo umepanda au umeshuka, sababu tuitafute kwenye chungu, kisimani, kwenye mbu na kwenye jembe. Hapo binamu yako anasema kweli.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1829 daktari Mfaransa, Villermé, aliangalia vimo vya vijana walioitwa jeshini na akasema watu wa mahali penye mali hukua warefu zaidi, na tena hukua upesi. Robert Fogel wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1993, ni kati ya walioifanya kazi hii kuwa taaluma, wakitumia hata orodha za watumwa ambamo kila mtu aliandikwa na kimo chake kama bidhaa. Lakini takwimu iliyonishtua kuliko zote ni ya Uingereza kwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, vijana wa matajiri waliosomea uofisa Sandhurst waliwazidi kimo vijana maskini wa London, waliochukuliwa na shirika la hisani la Marine Society kupelekwa baharini, kwa sentimita zipatazo 22 wakiwa na umri wa miaka 16. Taifa moja, lugha moja, na upana wa kiganja cha mtu mzima kilichotandazwa ndio uliowatenganisha.

Kwa makoloni njia hii ina thamani ya pekee. Ukitaka kujua hali ya Mkamba wa mwaka 1925 kwa mshahara wake, utamkosa, kwa sababu wengi hawakuwa na mshahara wa kuandikwa popote. Daftari la kodi ya kibanda linakwambia serikali ilichukua nini. Halikwambii kilichobaki ndani ya kibanda. Lakini jeshi lilipima. Kila kijana aliyefika mezani alivuliwa viatu, kama alikuwa navyo, akawekwa ukutani. Mchumi Alexander Moradi alikusanya vimo vya askari wa Kenya wa Keya na vya raia pia, waliozaliwa kati ya miaka ya 1880 na 1980, na mwaka 2009 akatoa hitimisho lake: pamoja na ubaya wote wa sera za kikoloni na majanga yake, jumla ya kipindi kile ilikuwa ni maendeleo ya maana katika lishe na afya.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliacha makala mezani nikatoka nje ya maktaba. Babu yangu mzaa baba alikuwa miongoni mwa waliotembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 1938 kudai ng'ombe waliochukuliwa na serikali, na nimekua nikisikia habari ya ng'ombe wale kila Krismasi. Nilitaka ile hesabu iwe ya uongo. Niliirudia mara tatu, na leo naiamini. Ninachokataa ni matumizi wanayoyapenda wengine, kwamba basi mkoloni ametakaswa. Nieleze.

Mahali pa kuanzia ndipo penye siri. Miaka ya 1890 sotoka, ile tauni ya mifugo, ilimaliza ng'ombe wa nchi hii. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, ambayo kwetu inaitwa Ngomanisye kwa kuwa iliingia kila mahali, na ndui ikaandamana nayo. Hatujapumua, Vita vya Kwanza vikachukua wanaume kwenda kubeba mizigo, wale ambao kumbukumbu yao imebaki kwenye majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mwaka 1918 mafua makali yakafagia waliobaki, na mvua haikunyesha. Mtu aliyeanguka shimoni hivyo, akipanda hatua tano, amepanda kweli. Reli ilisafirisha mahindi kwenda penye njaa. Sindano za buba za miaka ya 1920 zilifanya kazi, na hata wazee waliozichukia kodi walizipenda sindano zile. Chanjo ya ndui ilifanya kazi. Hayo siwezi kuyakana, mimi niliyeishika sindano maisha yangu yote.

Lakini hatua tano zinalinganishwa na nini? Mkanda wa kupimia unamlinganisha kijana wa 1930 na baba yake aliyezaliwa shimoni. Haumlinganishi na kijana yule yule kama vilima vya Mua visingepewa walowezi na nyanda za Yatta zingekuwa wazi kwa ng'ombe wa Wakamba. Kisha ndipo ukaja mwaka 1938. Serikali ilisema mifugo inaharibu udongo, ikaanza kukamata ng'ombe na kuwauza kwa nguvu, huku kiwanda cha nyama cha Liebig's kikisubiri pale Athi River. Maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi kumtaka Gavana. Kiongozi wao Muindi Mbingu alipelekwa kifungoni Lamu. Mimi kama muuguzi naiona habari hii kwa jicho la kliniki: kati ya vyakula vyote, maziwa ni katika vile vinavyohusiana na urefu kwa karibu zaidi. Ng'ombe aliyeuzwa mnadani Machakos alikuwa na ndama, na maziwa yake yalikuwa ya mtoto fulani wa mwaka na nusu. Katika wastani wa koloni zima mtoto yule amezama. Ili umwone itabidi uvunje wastani: wilaya kwa wilaya, mwaka wa kuzaliwa kwa mwaka wa kuzaliwa, mtoto wa karani upande huu na wa mchungaji upande ule. Usawa au ukosefu wake unakaa kwenye pengo lililo kati ya hayo makundi, na hilo pengo linaweza kupanuka huku wastani unapanda.

Na tuwe waadilifu mpaka mwisho. Moradi na wenzake Gareth Austin na Joerg Baten walifanya hesabu kama hiyo kwa Ghana, wakakuta hali iliboreka kwa jumla enzi za ukoloni, kisha ikageuka katika msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1970, bendera ikiwa ni yetu wenyewe. Mkanda hauna upande.

Sasa babu yako na ndugu yake. Natamani nikwambie kwamba babu, kama alizaliwa 1919, alibebwa tumboni na kunyonyeshwa katika ule mwaka wa mafua na ukame, na ndugu yake wa 1928 akapata afueni, na kwamba inchi mbili na nusu ndiyo tofauti ya nyakati. Inawezekana. Lakini watu wawili hawatoi ushahidi. Isitoshe, wamepita kwenye milango miwili tofauti. Vitani jeshi linataka watu wengi na huweza kulegeza kimo cha chini. Polisi wa wakati wa amani huchagua. Huenda ndugu yake alichukuliwa kwa sababu ya zile futi 5 na inchi 7, na wenzake kumi wenye kimo cha babu walirudishwa nyumbani bila karatasi ya kukaa sandukuni miaka sabini. Watafiti hupata taabu kubwa na jambo hili: waliokataliwa hawamo kwenye hesabu. Ukambani lina uzito zaidi, kwani Waingereza walituona kabila la askari na wakatuchukua kwa wingi kupita idadi yetu. Tazama pia lile neno "hivi" baada ya 22. Karani alikisia. Na ile nusu inchi ya babu ni ya kushukuru, maana makarani wengi waliandika inchi kamili wakaendelea na foleni.

Kwa hiyo karatasi ya babu peke yake ni ya familia. Ikikaa pamoja na elfu tano nyingine, inakuwa ya nchi.

SWALI: Mama, nimesoma mambo yako kuhusu kupima miili na sikufurahi. Bibi yangu alitoka Rwanda akaolewa Kigoma. Alitusimulia jinsi wazungu walivyowapima watu urefu na pua ili waseme huyu ni nani na yule ni nani, na yote tunajua yalipoishia. Kwa nini wasomi warudie kazi ya wale wale?
Msomaji wa Kigoma

JIBU: Mwanangu, uchungu wako una msingi, na sitaki kuupoza. Wabelgiji walipima, kisha miaka ya 1930 wakaandika kundi la mtu kwenye kitambulisho chake, likawa jambo la kurithiwa lisilobadilika. Urefu ulifanywa kuwa tabia ya kundi, kana kwamba Mungu aliwakata watu kwa rula.

Hata Kenya tuna mfano wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 John Boyd Orr, ambaye baadaye alipata Nobel ya Amani, na Dk. Gilks wa idara ya tiba ya Kenya waliwapima Wakikuyu na Wamaasai. Mwaka 1931 wakachapisha kwamba mwanamume wa Kimaasai alimzidi Mkikuyu inchi 5 na uzito wa ratili 23. Maelezo yao: Mmaasai anakula nyama, maziwa na damu, Mkikuyu anakula nafaka. Kila kabila na chakula chake, basi. Swali la kwa nini Mkikuyu wa wakati ule hakuwa na maziwa halikupewa nafasi yake. Mashamba na malisho yalikuwa yamemegwa, wanaume walikuwa vibarua wanaopewa posho ya unga wa mahindi. Na ndani ya takwimu zao mlikuwa na jambo lililopaswa kuwasimamisha: pengo la kimo kati ya wanawake wa makabila hayo mawili lilikuwa dogo kuliko la wanaume, na wanawake wa Kikuyu walikuwa wakila mboga za majani ambazo wanaume hawakuzila. Kama kabila ndilo linaloamua, mbona wanawake wakatofautiana na kaka zao? Mwanahistoria Cynthia Brantley aliurudia utafiti huo mwaka 1997, na tangu nisome kazi yake siwezi kuitaja ile ya 1931 bila kuyataja haya.

Kwa hiyo kuna kanuni moja ambayo mtafiti mwaminifu haivunji. Usimlinganishe Mmaasai na Mkikuyu ukadai umepima umaskini, kwa sababu hapo damu na chakula vimechanganyika na huwezi kuvitenga. Mlinganishe Mkikuyu wa Nyeri na Mkikuyu wa Nyeri wa miaka ishirini baadaye, au aliyezaliwa kijijini na binamu yake aliyezaliwa kwenye kambi ya shamba la mlowezi. Wale waliompima bibi yako walitaka mwili umseme yeye ni nani. Kazi ninayoitetea inauuliza mwili ulitendewa nini. Najua mkanda ni ule ule, na kwa mtu aliyesikia aliyoyasikia bibi yako hilo si jambo dogo. Nami nisingependa takwimu hizi zichapishwe kwa majina ya makabila bila wilaya, mwaka na kazi ya mzazi kando yake.

SWALI: Mbona askari tu? Sisi wanawake hatukukua?
Mama Rehema, Likoni

JIBU: Mlikua, dada yangu, na hamkuandikwa. Hilo ni pengo kubwa katika kazi yote hii, maana chakula kikipungua nyumbani kuna anayepakuliwa mwisho, na karatasi za jeshi haziwezi kutuonyesha. Afueni ilikuja tafiti za kitaifa za afya zilipoanza kuwapima akina mama kimo. Mwanamke aliyepimwa miaka ya 1990 akiwa na miaka 45 alizaliwa enzi za ukoloni, na kimo chake kimehifadhi utoto ule. Mwaka 2005 Moradi na Baten walitumia vimo vya wanawake wa nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, na hawakuishia kwenye wastani. Waliangalia vimo vilivyotawanyika. Kila jamii ina warefu na wafupi wa kuzaliwa, na mtawanyiko huo wa asili hauna neno. Lakini baadhi ya watoto wakishiba na wengine wakilala njaa, waliobahatika wanasogea juu na walionyimwa wanabaki chini, mtawanyiko unapanuka kupita ule wa asili. Upana huo ndio wanaousoma kama kipimo cha ukosefu wa usawa, hata mahali ambapo hakuna daftari la mishahara.

Na Mjukuu wa Keya, kabla sijasahau. Usiipeleke ile karatasi ikapigwe plastiki kwa moto, itaharibika na wino utafifia. Ipige picha pande zote mbili, kisha iweke kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Halafu itazame tena chini ya kabila. Mara nyingi huwa pameandikwa jina la chifu na lokesheni aliyotoka. Hukunitajia, na bila hilo siwezi kujua kama babu alikulia upande wa Yatta au upande wenye mvua. Niandikie.